Kulifufua gari la misuli la Kimarekani: kazi ianzie wapi na ifuate mpangilio gani

Ingia katika gereji za wapenzi wa magari ya zamani, na si ajabu ukakuta hali ileile mara kwa mara: bodi tupu imekalishwa juu ya stendi, injini imefunikwa turubai pembeni, milango imeegemezwa ukutani, na maboksi yamejaa bolti ambazo mwenyewe hakumbuki tena zilitoka wapi. Kazi kama hiyo haikufia kwenye ugumu wa ufundi, bali kwenye mpangilio. Mwenye gari alivua kila kitu katika wiki mbili za furaha, kisha akajikuta anahitaji miaka kurudisha alichokivua, na hamu ikaisha kabla ya bolti. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayetaka kulifufua na kulirekebisha gari la aina hii kwa mapenzi yake, jioni na mwisho wa wiki, na umejengwa juu ya kanuni moja ninayoiamini kabisa: gari lako liendelee kuwa gari, yaani kitu kinachoweza kusukumwa na kuendeshwa, kwa sehemu kubwa ya muda wa kazi.

Kwa Wamarekani, gari la misuli ni gari la ukubwa wa wastani, la bei ya mtu wa kawaida, lililofungwa injini kubwa ya V8, yaani yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa Pontiac GTO ya 1964, ambayo kimsingi ilikuwa Tempest, gari la kawaida la Pontiac, iliyopewa injini ya inchi za ujazo 389, sawa na lita 6.4 hivi. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, wakati huo ilikuwa na kanuni ya ndani iliyozuia magari ya ukubwa huo kupata injini inayozidi inchi 330, na Pontiac waliipita kwa kuiuza GTO kama nyongeza ya hiari badala ya kuitangaza kuwa gari jipya. Ford Mustang ilitoka Aprili mwaka huohuo, Chevrolet Camaro ikaja kama gari la mwaka 1967, na kufikia 1970 mtu aliweza kuagiza Chevrolet Chevelle SS (toleo la nguvu zaidi la Chevelle) yenye injini ya inchi 454 iliyotangazwa kuwa na nguvu farasi 450. Takwimu hiyo ni ya hesabu ya zamani, iliyopima injini ikiwa tupu kwenye mtambo wa majaribio. Tangu 1972 watengenezaji walitangaza nguvu ya injini ikiwa imefungwa vifaa vyake vyote, hivyo usilinganishe namba za vipindi hivyo viwili kana kwamba zilipimwa kwa mizani moja.

Historia hiyo ina somo la moja kwa moja kwa fundi. Watengenezaji waliongeza nguvu, lakini mengi ya magari hayo yalibaki na breki za dramu, usukani mzito na springi za gari la kawaida la kwenda kazini. Kwa hiyo mpangilio wa kazi uko wazi: kwanza chuma kinachobeba gari, pili breki na miguu (springi na mikono inayoshika magurudumu), tatu injini, na nguvu ya ziada ije mwisho.

Kununua na kukagua

Nunua gari lenye bodi nzuri na injini iliyokufa, usinunue lenye injini inayonguruma vizuri huku sakafu imeliwa. Injini huweza kujengwa upya juu ya meza kwa vipimo vinavyojulikana, lakini bodi iliyoliwa humaliza pesa, muda na hamu kwa pamoja. Kwa mradi wa kwanza, Mustang, Camaro na Chevelle ni chaguo la busara kwa sababu karibu kila kipande cha bodi yake bado kinatengenezwa upya; magari adimu huvutia zaidi, lakini ukanda mmoja wa kromu unaweza kukusimamisha kwa miezi mingi.

Kabla ya kutoa pesa, soma namba ya chasisi. Kwenye Mustang ya 1965, namba inayoanza na 5F09C inasimulia habari nzima: 5 ni mwaka 1965, F ni kiwanda cha Dearborn, 09 ni bodi yenye mgongo wa mteremko, na C ni injini ya inchi 289 yenye kabureta ya midomo miwili. Namba hiyo imegongwa kwenye chuma cha ndani cha madigadi la mbele, upande wa kushoto, ndani ya chumba cha injini, na ndiyo ya kuamini kuliko kibati cha mlangoni, kwa kuwa mlango hubadilishwa. Muuzaji akikuambia hiyo ni K, ile ya nguvu farasi 271, na chuma kinasema C, jibu umeshalipata. Chevelle ya 1970 ni ngumu zaidi, kwa sababu namba yake ya chasisi haielezi kama gari lilitoka kiwandani likiwa SS. Hapo utahitaji karatasi za kiwandani, na bila hizo lipe thamani ya Chevelle ya kawaida.

Baada ya karatasi, tafuta kutu, na utafute mahali inapojificha. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa laini, kisha ipitishe chini ya milango, nyuma ya magurudumu na kuzunguka kioo cha nyuma. Itakapoacha kushika, hapo chini ya rangi kuna puti na si chuma. Fungua mlango na uunyanyue kidogo, kisha uufunge taratibu ukitazama upenyo wake. Upenyo ukiwa mpana chini na mwembamba juu, au mlango ukilazimika kupanda ili kukamata kitasa, huenda bawaba zimelika au kizingiti kimelegea na gari linaanza kupinda katikati. Kwenye Chevelle na ndugu zake, kagua mfereji ulio chini ya kioo cha nyuma, kwa kuwa maji yanayokwama pale hutoboa chuma na kuishia kwenye sakafu ya buti, na kagua pia chasisi pale inapopanda juu ya ekseli ya nyuma.

Mustang za miaka ya sitini zina ugonjwa wake maalumu, na kuupima kunahitaji jagi la maji tu. Chini ya kioo cha mbele kuna kisanduku cha chuma kinachopokea hewa kwa ajili ya chumba cha abiria, kimeundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa kiwandani kabla ya kupakwa rangi, na ndani yake majani na udongo hukaa na unyevu miaka nenda miaka rudi. Mwombe muuzaji ruhusa, lala chali miguuni pa dereva ukiwa na tochi, na mwenzako amwage maji polepole kwenye matundu yaliyo mbele ya kioo, kwanza kushoto, kisha kulia. Kisanduku kizima humwaga maji yote nje kupitia pembeni, nyuma ya madigadi. Kilichooza hukudondoshea usoni, kwanza tone moja lenye rangi ya chai, kisha uzi wa maji unaofuata nyaya za dashibodi. Kukirekebisha kunamaanisha kutoboa pointi nyingi za kuchomelea na kuvua sehemu yote ya mbele ya gari, kwa hiyo jagi hilo la maji litaamua bei, na pengine litaamua usinunue.

Kuvua kwa kiasi

Gari likishafika, ovyo ni kuanza kufungua kila bolti unayoiona. Kama linaweza kuwaka, liwashe, lisikilize, liendeshe mita chache ndani ya eneo lako, na andika kila kasoro unayoisikia. Kisha chagua eneo moja, lifungue, litengeneze, lifunge, ndipo uende eneo jingine. Piga picha kabla ya kugusa, na upige kutoka mbali na karibu, kwa sababu picha ya karibu peke yake haikuambii kipande kilikaa wapi. Bolti zirudishe katika matundu yake mara tu kipande kinapotoka. Zile zisizoweza kurudi ziwekwe kwenye mfuko wenye jina la sehemu na tarehe. Usitupe kipande kibovu mpaka kipya kimefungwa na kimekubali, kwani kile cha zamani ndicho kipimo chako, na vipande vinavyotengenezwa upya mara nyingi huhitaji kukatwa au kukunjwa kidogo kabla ya kukaa sawa.

Hali moja inaivunja kanuni hii, nayo ni kutu iliyofika kwenye mihimili. Hapo gari litalazimika kuvuliwa kwa kina, lakini hata hivyo vua kile kinachozuia kazi ya chuma peke yake.

Chuma

Jua kwanza gari lako limejengwaje. Chevelle ina chasisi kamili, na bodi imekaa juu yake kwa bolti na mipira. Mustang haina chasisi ya kutenganishwa, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Camaro iko katikati, ikiwa na chasisi fupi ya mbele iliyofungwa kwa bolti kwenye bodi. Kwenye gari la aina ya Mustang, kukata sakafu au kizingiti bila kulishikilia ni sawa na kukata nguzo ya nyumba ukiwa ndani yake. Kabla ya grenda kugusa kizingiti, kalisha gari sawasawa juu ya stendi, chomelea bomba za mraba kuvuka kila tundu la mlango, na moja ya mshazari, kisha pima umbali kutoka pembe moja hadi nyingine na uandike. Vipimo hivyo virudie kila unapomaliza hatua, kwa sababu bodi iliyochomelewa ikiwa imepinda haitanyooshwa na rangi.

Chuma cha bodi kina unene wa milimita moja hivi au pungufu, na joto ndilo adui wake mkubwa. Tumia mashine ya kuchomelea yenye gesi na waya mwembamba wa milimita 0.6, weka nukta moja, kisha nukta nyingine mbali na ya kwanza, ukirukaruka huku na huku hadi nukta zote zikutane. Ukivuta mstari mrefu kwa mara moja, utaona ubavu uliokuwa umenyooka ukijikunja kama karatasi iliyolowa, na kuunyoosha kutakuchukua muda mrefu kuliko uliouokoa. Pale kiwanda kilipounga vipande viwili kwa pointi, toboa pointi za zamani kwa kekee maalumu inayokata bati la juu peke yake, toboa matundu mapya kwenye bati jipya na uyajaze kwa mashine. Vipande vingi vipya huja na utando wa zinki au rangi ya kusafirishia. Futa mpaka chuma king'ae kwenye mstari wa kuchomelea, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa ya usiku mzima.

Hapa niseme jambo ambalo sitaki lipitwe. Usisafishe kamwe chuma unachotaka kuchomelea kwa dawa ya kuoshea breki yenye klorini. Mabaki yake yakikutana na joto na mwanga wa kuchomelea hutoa fosijini, gesi ya sumu inayoweza kuua kwa kiasi kidogo sana. Soma kopo, na kama lina klorini, lisiingie kabisa katika chumba unachochomelea. Ondoa pia tangi la petroli na uchomoe betri, na weka kizima moto mahali mkono unapofika bila kutafuta.

Kupuliza mchanga kunafaa kwa chasisi na vipande vinene, lakini mchanga wenye shinikizo kubwa huvimbisha boneti, paa na milango. Huko tumia dawa ya kuvulia rangi na msasa. Ukikuta kijivu laini kinachong'aa kwenye kiungo cha paa na ubavu, hiyo ni risasi iliyotumiwa kiwandani kujazia, na vumbi lake halifai kuvutwa, hivyo usiikwaruze kwa grenda kavu.

Breki na miguu

Magari mengi ya kabla ya 1967 yana masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) yenye chumba kimoja, na maana yake ni kwamba bomba moja likipasuka, pedali inazama na magurudumu yote manne yanakosa breki. Badilisha iwe ya vyumba viwili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Haya ni marekebisho ambayo siwezi kumshauri mtu yeyote ayaruke, hata yule anayetaka gari lake libaki kama lilivyotoka kiwandani.

Ukiwa umefungua mfumo, bomba zote za chuma zibadilishwe, pamoja na mipira mitatu, kwa sababu mpira wa zamani huvimba ndani na kuziba njia huku nje ukionekana mzima. Bomba la mchanganyiko wa shaba na nikeli hukunjika vizuri mkononi na haliliwi na kutu. Ncha zake zikunjwe mara mbili kwa kifaa chake, na viungo vya kubana kwa ringi visitumike kwenye breki. Vumbi lililo ndani ya dramu za zamani lichukuliwe kuwa lina asbesto: usilipulize kwa kompresa, lioshe kwa maji yenye sabuni na lifutwe likiwa bado bichi.

Ukiweka breki za diski mbele, angalia jambo ambalo huwasumbua wengi. Masta silinda ya dramu mara nyingi huwa na valvu ndogo inayobakiza shinikizo kwenye bomba, takriban pauni 10 kwa inchi ya mraba, na shinikizo hilo linalofaa dramu huzifanya pedi za diski zisugue mfululizo mpaka ziungue. Upande wa diski valvu hiyo isiwepo. Kwa nyuma, weka valvu ya kupunguza inayorekebishika, kisha ijaribu mahali pakavu penye nafasi mpaka magurudumu ya mbele yafunge kabla ya yale ya nyuma. Kutoa hewa huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa gari lenye usukani kushoto ni la nyuma kulia, kisha nyuma kushoto, mbele kulia, na mbele kushoto.

Kuhusu springi za mbele za Mustang, zimekaa juu ya mkono wa juu, ndani ya mnara wa chuma, na zimebanwa kwa nguvu inayoweza kuvunja mfupa. Tumia kibanio kilichotengenezwa kwa ajili yake. Wakati mkono wa juu uko nje, kuna marekebisho ya gharama ndogo yaliyofanywa kwenye GT350 za 1965, Mustang za mwendo kasi zilizotengenezwa na Shelby: matundu yanayoushika mkono huo hushushwa inchi moja, yaani milimita 25, na gurudumu la nje hukanyaga barabara vizuri zaidi kwenye kona. Yanahitaji kekee na kigezo cha kupimia tu. Ukimaliza, mwambie fundi wa alaimenti asitumie vipimo vya kitabu cha zamani, kwa kuwa viliwekwa kwa tairi za nyuzi za mshazari. Kwa tairi za radiali za leo, mwegemeo wa kwenda nyuma (kasta) wa digrii 2 hadi 3 hulituliza gari kwenye mwendo mkubwa.

Injini

Pima kabla ya kuagiza chochote. Silinda zikiwa zimelika kwa kutanuka juu au kuwa na umbo la yai, karakana ya kuchonga vyuma itazipanua, kwa kawaida kwa inchi 0.030, na utanunua pistoni za kipimo hicho. Wakati hedi ziko kwao, waombe waweke viti vigumu vya valvu za ekzosi. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi iliyokinga viti hivyo, na Marekani iliipiga marufuku kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Mipira yote ya mafuta pia ibadilishwe kwa ile inayostahimili ethanoli.

Nitoe mfano wa Chevrolet ya inchi 350, kwa kuwa ndiyo wengi huijenga kwanza. Upenyo kati ya ncha mbili za ringi ya pistoni huhesabiwa kuwa inchi 0.004 kwa kila inchi ya kipenyo cha silinda, hivyo silinda ya inchi 4.030 inahitaji inchi 0.016, milimita 0.41 hivi. Ringi isukume ndani ya silinda yake kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima kwa fila geji, na kama upenyo ni mdogo, ipige tupa kidogo kutoka nje kuelekea ndani. Bolti za hedi hukazwa kwa hatua tatu hadi niutoni-mita 88, kuanzia katikati kwenda pembeni, na nyuzi zake zipakwe gundi ya kuzuia maji, kwa sababu kwenye injini hii matundu ya bolti yanaingia moja kwa moja kwenye njia za maji. Asiyejua hilo huona maji yakipanda kwenye nyuzi na kudhani gasketi imeungua. Moto hupita kwenye silinda kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Kwenye Ford ya 289 ni 1-5-4-2-6-3-7-8, na hata namba za silinda zimehesabiwa kwa njia tofauti, hivyo usitumie mazoea ya moja kwenye nyingine.

Dakika 20 za kwanza za uhai wa injini yenye kamshafti (mhimili wenye nundu zinazofungua valvu) ya tapeti bapa, yaani vipande visivyo na rola vinavyosukumwa na nundu hizo, ndizo zinazoamua kama kamshafti hiyo itadumu. Nundu zake hazina bomba la oili. Hulainishwa na matone yanayorushwa na krenki inapozunguka kwa kasi, na kila tapeti lazima ianze kujizungusha mahali pake. Injini ikinguruma polepole wakati huo, chuma husugua chuma. Injini yangu ya kwanza niliipoteza hivyo. Distribyuta niliiweka nusu mzunguko nje ya mahali pake, nikaizungusha stata muda mrefu huku kabureta ikikohoa, na grisi yote niliyopaka kwenye nundu ikafutika kabla ya moto wa kwanza kushika. Ilipowaka hatimaye, niliiacha itulie kwa mwendo mdogo ili nisikilize. Wiki moja baadaye nilisikia kugonga kwa juu, nikafungua, nikakuta nundu moja imekuwa duara kama kidole na oili inametameta kama rangi ya fedha.

Kwa hiyo fanya hivi. Chomoa plagi ya silinda ya kwanza, ziba tundu kwa kidole na mwenzako azungushe krenki kwa spana taratibu. Upepo ukisukuma kidole, pistoni inapanda katika mbano, na alama ya krenki ikifika kwenye sifuri, mkono wa distribyuta uelekee waya wa silinda hiyo. Kabla ya kuingiza distribyuta, zungusha pampu ya oili kwa drili kupitia tundu lake mpaka geji ionyeshe shinikizo na oili itoke kwenye roka zote. Jaza kabureta petroli, jaza rejeta maji, na tumia oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha, kwa kuwa oili nyingi za magari ya sasa zimepunguziwa viambato hivyo ili kulinda vichujio vya ekzosi. Ikishawaka, ipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000 kwa dakika na uibadilishe kati ya hiyo na 2,500 kwa dakika 20 hadi 30, bila kuiachia itulie. Ukiona maji yanavuja au joto linapanda kupita kiasi, zima kabisa, tengeneza, kisha uanze tena kwa kasi ileile. Oili na filta zimwagwe baada ya hapo, na filta ikatwe ili uone kama ina vumbi la chuma. Anayeweza kugharamia tapeti za rola huepuka hatari hii yote, na kwa injini inayojengwa upya kutoka chini ningechagua hizo.

Umeme na rangi

Nyaya zilizokauka ganda zibadilishwe seti nzima. Taa za mbele zipewe relei, kwani switchi ya zamani hubeba mkondo wote na taa hupata volti pungufu, na waya wa ardhi kutoka injini hadi kwenye bodi uwe mnene. Kwenye Dodge na Plymouth za miaka hiyo, mkondo wote wa kuchaji hupita kwenye plagi ya ukuta wa injini kwenda kwenye geji ya ampea. Plagi hiyo ikilegea huyeyuka, na ni vyema kuupitisha mkondo huo nje yake.

Rangi isipulizwe kabla gari halijaendeshwa. Gari lililopakwa rangi kwanza huchubuka wakati wa kufunga injini, na mwenye gari huanza kuogopa kuligusa. Chuma tupu kipewe praima ya epoksi mapema, puti iwe nyembamba isiyozidi milimita 3 hivi, na msasa uende kwa ngazi ukitumia ubao mrefu, si kiganja. Rangi za kisasa za vipande viwili zina isosianati, na kinyago cha kawaida chenye vichujio hakitoshi. Mpulizaji avae kinyago kinacholetewa hewa safi kwa bomba, au kazi hiyo apewe mwenye chumba maalumu. Viti na zulia huja kama seti kamili, na havina fumbo kubwa kwa mtu aliyefika hatua hiyo.

Marekebisho ya nguvu

Sasa, gari likiwa linasimama na kukata kona ipasavyo, ndipo nguvu iongezwe. Napendelea marekebisho yanayoweza kurudishwa nyuma kwa spana. Kubadilisha giaboksi ya gia nne kwa ya gia tano aina ya T-5, iliyotumika kwenye Mustang za miaka ya themanini, hubadilisha gari kuliko kabureta yoyote: gia ya tano yenye uwiano wa karibu 0.68 huishusha injini kutoka mizunguko 3,000 hadi karibu 2,000 kwa mwendo uleule, na safari ndefu inakuwa ya kupendeza. Wengine hufunga injini za Chevrolet za familia ya LS, zilizoanza 1997, zenye sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta. Sina ubishi nao, mradi injini ya asili, hasa ikiwa namba yake inalingana na ya gari, ipakwe oili ndani, ifungwe plastiki na ihifadhiwe, na chuma kisikatwe bila sababu.

Safari ya kwanza iwe ya kilomita chache, mchana, ukiwa na spana, maji na mwenzako anayefuata nyuma. Simama baada ya kilomita tano, gusa kila kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, breki yake inashika. Chungulia chini kama kuna kinachodondoka. Baada ya kilomita 80 kaza tena nati za magurudumu na bolti za miguu kwa spana ya kipimo, angalia kiwango cha mafuta ya breki, kisha chukua daftari lile uliloandika kasoro siku gari lilipofika, na ufute zile ambazo huzisikii tena.